Vidole Kumi vya Mkono, Viwili vya Mguu

Kama uko na watu unawaheshimu, usiwasomee hii, kwa sababu mjinga wa hii stori ni mimi, kutoka juu mpaka chini. Juu ni kichwa. Chini ni kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, ambacho nilikipaka wino ya muhuri nikakibonyeza kwa fomu ya diploma ya kimataifa, nikiwa nimekaa kwa hoteli ya chai hapa Isinya, na nikajiona mjanja kuliko kila mtu Kajiado nzima.

Mimi ni wa bodaboda. Nilisoma nikafika darasa la nane nikawachia hapo, na sijawahi kulia juu ya hiyo. Wa vitabu ni dada yangu. Nimemzidi miaka mitatu, na yeye amenizidi kila kitu kingine. Alipata skolashipu akaingia ile shule ya kimataifa iko nje ya Kitengela, ile iko na nyasi ya kijani hata kiangazi, mpaka ng'ombe zikipita kwa ua zinasimama kuangalia kama watu wanaangalia televisheni.

Diploma yenye wanafanya huko, vile alinieleza, haijui Kajiado. Ni moja dunia nzima. Mtoto wa Japani na mtoto wa Isinya wanafanya mtihani mmoja, halafu karatasi zinasahihishwa na mtu hajui baba yako ni nani, hajui kama ulilala njaa.

"Si hiyo ndio utamu yake," akaniambia. "Hawanijui."

"Hata mimi kuna watu wengi hawanijui," nikamwambia, "na bado sijapewa diploma."

Wako na masomo sita. Wako na saa za kusaidia watu, na lazima zikuwe na ushahidi, ati hata ukisaidia nyanya ya mtu kubeba maji unapigwa picha. Wako na somo moja la kuuliza unajua aje kile unasema unajua. Hiyo nilicheka wiki nzima. Nilikuwa nikibeba mteja, akiniambia ni pale kwa geti nyeusi, namuuliza, na unajua aje ni nyeusi? Watu wawili walishuka.

Halafu kuna insha. Si zile zetu za shule ya msingi, za 'Siku Ambayo Sitaisahau'. Hii ni maneno elfu nne, ya utafiti wako mwenyewe, na ukipewa E kwa hiyo insha, diploma hakuna, hata kama zingine zote umepita. Hakuna kubembeleza. Dada yangu alinirudilia hiyo mara mbili na nikasikia mara zote mbili. Na kuna chuo ng'ambo kilikuwa kimeshamwandikia kwamba kitamchukua na kumlipia yote, bora alete diploma. Kwa hivyo siwezi sema sikujua kile kilikuwa kimewekwa kwa mikono yangu.

Insha yake ilikuwa ya mambo ya kwetu. Alitaka kujua kama hizi ua za ploti, hizi waya zimefunga kila mahali kutoka Kitengela mpaka huku, zinafanya watu wapoteze ng'ombe wengi zaidi wakati wa ukame. Akachagua maboma kumi na mbili, sita upande wenye waya, sita upande wenye bado uko wazi. Kila boma fomu moja. Ng'ombe zilikuwa ngapi kabla ukame, zimebaki ngapi. Chini mwenye boma anaweka sahihi au kidole, kuonyesha amekubali kuulizwa. Shida ni kwamba yeye alikuwa analala shuleni, na mitihani ya majaribio ilikuwa imemshika shingo. Mwalimu wake akasema anaweza tumia msaidizi, bora amtaje kwa insha. Msaidizi akawa mimi.

Sasa wewe kama si wa huku, ngoja nikuambie kitu moja. Kwetu haumuulizi mtu ng'ombe zake ni ngapi. Haumuulizi hata watoto wake ni wangapi. Mtu akihesabiwa vitu vyake, ni kama umeviita vikuje viangaliwe na kitu chenye hakifai kuviona. Mwenyewe hahesabu. Akisimama jioni kwa mlango wa boma anajua tu nani hayuko, vile mama anajua ni mtoto gani hajakaa kwa meza. Dada yangu anajua hiyo, si ati shule ilimwosha akili. Ndio maana alinipatia fomu na maagizo.

"Usiulize ngapi," akasema. "Kaa chini. Kunywa chai. Waulize zile zilienda zilikuwa gani na gani. Watakutajia rangi, moja moja. Wewe unaweka mstari kwa karatasi, pole pole, wasione. Halafu uwaeleze fomu kabla waweke kidole."

"Hiyo itachukua mwaka."

"Itachukua asubuhi moja kila boma. Tafadhali, ndugu yangu. Usifanye mchezo na hii."

Nikamwambia sifanyi mchezo. Na nikaanza vizuri, Mungu anajua. Boma namba moja ni ya mama mjane, rafiki ya mama yetu. Nilifika asubuhi nikainamisha kichwa akakishika kwa mkono, vile kwetu mkubwa husalimia mdogo, nikapewa chai ya maziwa kidogo, kwa sababu maziwa yenyewe ilikuwa kidogo. Nikamuuliza juu ya zile zilienda. Akaanza na moja nyeusi yenye tumbo nyeupe. Lakini huwezi elewa hiyo nyeusi bila kumjua mama yake, na mama yake alitolewa kwa mahari ya nani, na siku ya hiyo mahari mvua ilinyesha vipi. Jua likapanda. Tukaenda kwa ya pili, ile ya pembe imepinda. Ya tatu. Mama akaanza kupangusa macho na kona ya leso. Simu yangu inaita, wateja wako stejini, na saa sita imefika na tuko ng'ombe ya nne. Nikamwambia mama nitarudi.

Sikurudi. Nikaenda Isinya nikakaa kwa hoteli, nikaagiza chai na chapati, nikatoa zile fomu. Nilikuwa najua kile dada yangu anatarajia: wenye waya wamepoteza sana, wenye wako wazi wamepoteza kidogo. Basi nikampatia. Numba nilikuwa nachukua kwa magari. Lori ya nyasi ikipita naangalia plati yake, naandika. Nilibadilisha kalamu mara tatu, nikabadilisha mwandiko, moja hata niliandika na mkono wa kushoto ikae ya mzee. Sahihi singeweza kughushi kumi na mbili, kwa hivyo nikaomba duka la dawa ya mifugo pale kando ile wino yao ya muhuri. Vidole kumi vya mkono, fomu kumi. Zikabaki mbili. Nikavua viatu.

Mama wa hoteli akaniangalia juu ya sufuria. "Kijana, hapa ni hoteli, si bafu."

"Hii ni utafiti, mama."

"Utafiti inanuka hivyo?"

Fomu ya mwisho, boma namba kumi na mbili, ilikuwa ya mzee wa rika la baba yetu, jirani ya ng'ambo ya waya. Barabarani hakukuwa na gari. Nikaandika zilikuwa arobaini na tano, zimebaki kumi na nne. Kumi na nne ni kwa sababu jezi yangu ya mpira iko na hiyo numba. Nikabonyeza kidole cha mguu wa kushoto, nikalipa chai, nikarudi stejini nikiimba.

Jumamosi ndio siku wanapewa simu huko shuleni. Dada yangu akapiga, na nilisikia anatabasamu. "Umenitoa mbali," akasema. "Zimekuja vizuri mpaka siamini. Nimechora grafu, mstari umenyooka kama rula. Nimekuandika kwa ukurasa wa shukrani."

"Umeandika nini?"

"Kwamba bila wewe singeweza."

Ningesema hapo. Nikafungua mdomo, na kile kilitoka ni, "Si unajua mimi nikifanya kitu nafanya."

Mvua ya mwezi huo haikukuja. Ikaruka na ile ingine. Upande wetu ukikauka, kwanza unasikia kwa masikio: ng'ombe zinawacha kulia. Asubuhi unaamka na kumenyamaza tu. Nilikuwa nikipita na pikipiki kwa barabara ya vumbi naona ngozi zimeanikwa kwa waya za ploti, moja, halafu tatu, halafu nikawacha kuangalia. Ndege zile kubwa za shingo uchi zilikuwa zinakaa juu ya nguzo za ua kama wazee wamengojea kikao. Na kila boma nikipita, kichwa inaniambia kitu singeomba iniambie. Hapa uliandika ishirini na mbili. Hapa uliandika tisa. Nilikuwa nimeziua kwa karatasi kabla zife zenyewe.

Nilitoa mzaha stejini, wenzangu wakacheka, na mimi nikasikia sauti yangu ikitoka mahali mbali.

Jumamosi ingine dada yangu akapiga. "Mwalimu anataka kutembelea boma moja. Anasema ni kushukuru tu."

"Gani?"

"Amejichagulia. Kumi na mbili."

Mwalimu wake wa jiografia ni Mkamba wa upande wa Machakos, mtu mpole. Alichukua simu akaongea na mimi mwenyewe. Akasema fomu zangu ni safi sana, hajawahi kuona safi hivyo. Akasema neno safi mara tatu. Mtu akikasirika najua vile nitamchekesha. Huyu hakuwa amekasirika.

Nikapanda pikipiki nikakimbia kwa boma namba kumi na mbili, nimpange mzee aseme vile nimeandika. Mke wake akaniambia mzee ameenda na ng'ombe upande wa Ewuaso Kedong kutafuta nyasi, na hajui atarudi lini. Ningeweza kumbusu. Hakuna mzee, hakuna swali. Usiku huo nililala kama mtoto.

Siku yenyewe walikuja na gari ndogo ya mwalimu, dada yangu mbele kwa kiti na ile sweta ya shule. Nikawaongoza na pikipiki, nikipiga honi kama naongoza harusi. Nikazunguka kona ya mwisho na mguu ikasahau breki.

Ng'ombe zilikuwa zimelala nje ya boma, kila mahali, na vumbi ya safari bado kwa migongo. Mzee alikuwa amerudi hiyo asubuhi. Alikuwa amesimama katikati yao na fimbo yake, amekonda, akishika moja pua, akienda kwa ingine. Kulikuwa na harufu. Dada yangu aliposhuka aliweka mkono kwa mdomo kidogo, halafu akautoa kwa heshima.

Tukainamisha vichwa. Akashika cha dada yangu, akashika changu. Mkono wake ulikuwa kavu kama gome. Mwalimu akamsalimia kwa mkono, akampa pole ya ng'ombe, na ilikuwa pole ya kweli. Halafu akatoa ile fomu kwa bahasha.

"Mzee, nimekuja kusema asante. Ulimsaidia huyu msichana wetu sana na hii."

"Hii ni nini?"

"Hii fomu. Ulimwambia kijana hapa kwamba zilikuwa arobaini na tano..."

"Mwalimu," dada yangu akasema haraka. "Usisome numba."

Lakini mwalimu si wa kwetu, na alikuwa ameshafika katikati ya sentensi. "...zikabaki kumi na nne."

Nimesikia kunyamaza kwingi maishani, kwa sababu mimi hutoa mizaha mingi na mingine huanguka. Hakuna ilikaa hivyo. Mzee hakuinua sauti.

"Nani alihesabu ng'ombe zangu?"

Mwalimu akageuza fomu, akamuonyesha ile alama chini. "Hiki si kidole chako, mzee?"

Mzee akashika karatasi, akaisogeza mbali vile wazee husoma. Akaangalia kidole gumba yake. Akaangalia karatasi tena. "Hiki ni kikubwa," akasema. "Hiki ni cha mtu gani mkubwa hivi?"

Na hapa ndipo ujinga wangu ulimaliza kazi yake. Singesema kitu, hakuna mtu angejua. Lakini macho yangu yalishuka yenyewe. Yalienda kwa mguu wangu wa kushoto, ndani ya sandali, kama mtoto akiulizwa ni nani alivunja kikombe. Dada yangu akafuata macho yangu. Akaangalia hicho kidole. Akaniangalia uso. Nikatamani achapwe mtu, mimi, hapo hapo.

Mzee alielewa pole pole. Aliangalia ng'ombe zake, zile zimelala, zile chache zimesimama. Zilikuwa nyingi kuliko ile nilikuwa nimeandika, hata mimi niliona.

"Bado zinapumua," akaniambia, "na wewe umeshaandika zile zimekufa."

Alirudisha karatasi kwa mwalimu. Tuliinamisha vichwa kuaga. Akashika cha dada yangu. Changu kilikaa pale chini, na hewa ikapita juu yake, mpaka nikajiinua mwenyewe.

Tulipofika kwa gari mwalimu alinieleza, bado na ule upole. Kuna karatasi yeye anaweka sahihi, kwamba anaamini hii kazi ni ya mwanafunzi na ni ya ukweli. Hawezi kuiweka tena. Insha inatumwa baada ya siku kumi na moja, hiyo tarehe haiombeki. Dada yangu anaweza kuanza upya na kile atapata. "Wewe," akaniambia, "ulipoandika hizo numba, ulijua aje?"

Lilikuwa lile swali la somo lao. Sikucheka.

Dada yangu alikuwa amekaa kwa kiti ya mbele, mlango wazi, zile fomu kwa magoti.

"Namba tatu?" akauliza, bila kuniangalia.

"Kidole cha kati."

"Namba nane?"

"Cha kati cha mkono ule mwingine."

"Namba kumi na moja?"

"Mguu wa kulia."

Akageuza karatasi. "Kuna moja ya ukweli?"

"Moja. Nusu. Ng'ombe nne."

Alizikunja zote pamoja, akazishika kwa mikono miwili mpaka vidole vyake vikawa vyeupe kwa ncha. "Nilikuambia usifanye mchezo," akasema, na mwalimu akawasha gari.

Shule ilimpatia ruhusa ya Jumamosi na Jumapili. Mimi ndio nilimbeba, kwa sababu hakukuwa na mwingine, na njia yote alishika chuma ya nyuma badala ya kunishika. Tulienda boma kwa boma. Na kila boma walikuwa watu wazuri. Hiyo ndio ilitisha. Hakuna mtu alitufukuza. Mtoto anatumwa nje anasema baba hayuko, na sisi tunaona fimbo ya baba imeegemea ukuta. Mwingine anasema leo hawezi, mwaka ujao. Chai tulipewa mahali pote. Neno lilikuwa limeshapita kwa waya zote, kutoka boma namba kumi na mbili mpaka namba moja: hiyo nyumba inahesabu.

Tukaishia kwa yule mama mjane. Yule alilia mbele yangu juu ya ng'ombe nne. Dada yangu akapiga magoti kabisa kwa mlango wake.

"Mama, sijakuja na numba. Nimekuja unielezee tu. Nitakaa hata mpaka kesho."

"Nieleze nini, mtoto wangu," mama akasema. "Mimi sina ng'ombe."

Nyuma ya nyumba, ng'ombe moja ikalia. Sote watatu tuliisikia. Mama akamshika dada yangu kichwa kwa upendo na akafunga mlango.

Kesho yake, Jumapili, mama yetu alirudi kutoka kanisani mapema. Akaweka Biblia juu ya meza akakaa. Alisema kiti yake imekaa peke yake. Wamama walisogea, si sana, vile mtu husogea kwa jua. Ng'ombe mbili za yule mama hukaa kulia kwake kanisani zilikuwa zimekufa hiyo wiki. "Hawajasema ni wewe," mama akaniambia. "Lakini wameacha kusema kitu ingine yoyote."

Dada yangu aliandika na kile alikuwa nacho, ng'ombe nne za mjane na zile zetu wenyewe, ambazo mama alimtajia rangi moja moja na mlango umefungwa. Sijui unajaza maneno elfu nne aje na hiyo. Insha ikatumwa. Ikaenda kwa yule mtu hamjui, yule wa haki, ambaye hajui kuna wamama wanasogea kwa kiti wala kuna mlango umefungwa na ng'ombe nyuma. Anaona tu kile kiko kwa karatasi.

Mtihani akafanya, karatasi zote. Alikuwa anatoka anasema zilikuwa sawa. Miezi ya kungojea matokeo nilikuwa nazima pikipiki kila simu ikiita. Kiangazi kikaendelea. Nilianza kuota fomu, na kwa ndoto kila fomu iko na mahali ya kidole, na kila kidole changu ni kikubwa.

Yalipotoka, alifungua kwa simu yangu, kwa sababu ilikuwa na bando. Masomo sita, amepita sita. Mawili alikuwa kati ya wazuri kabisa wa darasa. Halafu hapo chini, insha, E. Na mstari wa mwisho, maneno machache ya Kizungu, ambayo hata mimi na darasa langu la nane nilielewa: diploma haijatolewa.

Nilikuwa na mzaha umejipanga, wa kumchekesha kama itakuwa mbaya. Ulikuwa mzuri. Sitausema hapa wala mahali pengine.

Mwalimu alimwambia anaweza kurudia insha msimu ujao, masomo yatabaki yamehesabiwa. Lakini skolashipu ilikuwa imeisha, na kile chuo cha ng'ambo kiliandika barua ya adabu sana. Sasa anafundisha watoto wadogo kwa shule moja hapa Isinya, kwa muda, wanasema kwa muda. Asubuhi mimi ndio humpeleka. Akifika anashuka, anafungua pochi, ananilipa nauli kamili kama mteja. Siku ya kwanza nilikataa. Akaiweka juu ya tangi akaenda, ikapeperuka kwa vumbi na nikaifuata nikikimbia, mbele ya darasa nzima, na watoto walicheka sana. Yeye hakugeuka.

Mvua ilikuja mwishoni, imechelewa, kwa hasira, ikabeba hata daraja ndogo. Nyasi ikatoka kwa wiki moja, ya kijani kama ile ya shule. Hakukuwa na wengi wa kuikula.

Siku moja nimekaa stejini, yule mzee wa boma namba kumi na mbili akatoka kwa duka la dawa ya mifugo na pakiti kwa mkono. Kulikuwa na pikipiki saba. Alipita sita akakuja kwa yangu, akapanda bila kuuliza bei. Nilimbeba pole pole, nikikwepa kila shimo, mpaka tukafika kwa mlango wa boma yake. Nilizima injini. Ng'ombe zilikuwa ndani, na mimi niliangalia chini, niliangalia tangi, niliangalia kila mahali isipokuwa huko.

Akashuka. Kichwa changu kiliinama chenyewe, kwa mazoea, halafu nikakumbuka na nikangoja ile hewa. Mkono ukakuja. Ukakaa juu ya kichwa changu, kavu, mzito, ukakaa zaidi ya salamu.

"Asubuhi nimefanya kitu baba yangu hakuwahi kufanya," akasema. "Nimesimama hapa kwa mlango nikazihesabu. Mwambie dada yako aandike kumi na nne. Sasa si uongo tena."